Mume Wangu na Dawa Mpya ya Magoti

Mume wangu alikuwa daktari mzuri. Nalisema hili kwa sababu ametoka kidogo. Angekuwepo angevimba kichwa hadi kesho. Yeye ni Mluguru wa upande wa Mgeta, mimi ni Mnyamwezi, na makabila yetu yanataniana tangu enzi za wapagazi waliopita hapa na mizigo yao wakielekea pwani. Kwa hiyo tangu siku aliyonioa nina ruhusa ya kumcheka, na nimeitumia bila ubahili.

Ninayotaka kusimulia yalitokea enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Kabla ya hapo hospitali ilikuwa na aspirini, na siku nyingine hata hiyo haikuwepo. Daktari alimwandikia mgonjwa dawa, mgonjwa akaikunja karatasi akaondoka nayo nyumbani, akamwomba Mungu. Kisha milango ikafunguliwa. Mwembesongo, mtaani kwetu mjini, palipokuwa na duka moja la dawa lenye rafu tupu, yakaota maduka ya dawa kila kona, yamebanana na wauza mitumba. Madaktari nao wakaruhusiwa kufungua zahanati zao. Mume wangu akapanga vyumba viwili, akaweka kitanda cha kupimia na pazia nililoshona mimi, akawa anakwenda huko jioni baada ya kazi ya serikali.

Hapo ndipo alipotokea mtu wa kampuni ya dawa.

Alikuwa kijana mtanashati, tai shingoni hata katika joto la Februari, ananukia marashi. Aliamkia kila mtu shikamoo, hata mimi ambaye sidhani kama nilimzidi umri. Alimletea mume wangu saa ya ukutani yenye jina la dawa, mwavuli wenye jina la dawa, na mkoba wa ngozi wenye jina la dawa. Mume wangu, mtu aliyekulia kijiji ambacho zawadi kubwa ilikuwa jogoo, alizipokea kwa mikono miwili. Mvua ikinyesha alijitembeza na ule mwavuli barabarani hata pale alipoweza kujikinga chini ya paa.

"Unawatangazia dawa bure," nilimwambia.

"Najikinga na mvua, mama."

Dawa yenyewe ilikuwa ya maumivu ya magoti na viungo. Kampuni ilisema aspirini inachubua tumbo, lakini hii yao mpya hailigusi tumbo kabisa. Walichotaka ni madaktari wa mikoani wa kuwapa wagonjwa, kuwafuatilia, na kupeleka majibu. Ulikuwa utafiti. Mume wangu alilitamka neno hilo mezani kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja jina la askofu. Tangu atoke chuoni alikuwa akitamani kufanya utafiti, na serikali haikuwahi kuwa na hata karatasi ya kumpa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, basi nikauliza ya kwangu. "Nani anayetoa dawa?"

"Kampuni."

"Nani anayejumlisha majibu?"

"Kampuni. Wana wataalamu wao."

"Na nani atauza dawa ikifaulu?"

Akainua macho. "Unataka kusema nini?"

"Nasema hivi, darasani kwangu mwanafunzi akitunga mtihani, akaufanya, akausahihisha mwenyewe, anapata mia kwa mia."

"Mambo ya sayansi tuachie wenyewe," alisema, akaomba kuongezewa mboga.

Wagonjwa walikuja wengi. Kwetu magoti hayakosekani. Wapo wanaoshusha kabichi na karoti kutoka milimani kwa kichwa, wapo waliosimama kiwandani miaka na miaka, wapo wakulima wa karanga wa njia ya Dodoma. Wengi walifurahi kweli. Maumivu yalipungua, wakamletea mume wangu ndizi na viazi. Lakini wapo waliolalamika kwamba tumbo linawaka moto. Mume wangu akamweleza mtu wa kampuni, naye akamjibu kwa upole, "Daktari, waulize kama wanakula pilipili."

Akawauliza. Walikula pilipili. Nani hali pilipili? Nyumbani kwetu kwenyewe pilipili ilikuwa inakaa mezani kabla ya chumvi. Basi pilipili ikabeba lawama. Na wale walioacha kuja zahanati, mtu wa kampuni alielekeza waandikwe kwamba wamejitoa kwa hiari yao, na wasifuatwe tena.

Nimtendee haki mume wangu: hakuwa mwongo. Aliamini. Mtu akikuamkia shikamoo kila wiki na kukuita mtafiti, ni rahisi kuamini.

Utafiti ulipokwisha yeye na madaktari wenzake wakaitwa Dar es Salaam, hoteli iliyopakana na bahari. Alirudi na sabuni ndogondogo za hotelini na cheti kilichowekewa kioo. Alinieleza jinsi walivyoonyeshwa michoro ya rangi ukutani, na jinsi tumbo lilivyokuwa salama katika michoro ile yote. Cheti kilitundikwa sebuleni, picha ya harusi yetu ikasogezwa pembeni kukipisha.

Mgonjwa wake aliyeipenda dawa kuliko wote alikuwa mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mgumu kama mzizi, mkulima wa mboga, Mkatoliki wa kutokosa misa. Magoti yalikuwa yakimtesa kwa zile njia za mlimani. Mwanawe akampa vidonge vya sampuli, vya bure, mfuko mzima. Mama akapanda na kushuka kama msichana. Jumapili, kwa kuwa kanisa lipo juu zaidi ya nyumba yake, alijiongezea dozi mwenyewe.

"Mwanangu kaniletea miguu mipya," aliniambia.

Pasaka moja alishuka kuja kula sikukuu nasi. Asubuhi tulikaa uani tunamenya njegere alizokuja nazo. Akaenda msalani, akachelewa. Aliporudi alikuwa na rangi ya majivu, akakaa kwa kujishikilia ukutani.

"Mama, vipi?"

Akanivuta karibu. "Choo changu kimekuwa cheusi. Cheusi kama lami. Siku kadhaa sasa. Usimwambie mwanangu, ni mambo ya aibu."

"Mwanao ni daktari, mama."

"Ndiyo, lakini ni mwanangu."

Niliingia ndani nikamwambia. Sijawahi kumwona akiacha chai namna ile. Tulimpeleka mama hospitali akiwa ameshaanza kuishiwa nguvu, miguu yote miwili, ile mipya, haimbebi. Tumbo lilikuwa linavuja damu ndani, alihitaji kuongezewa. Wakatupima, damu ya mwanawe haikumfaa, yangu ikamfaa. Nikalala kitanda cha jirani nikatoa.

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mtu mzima, asiye na maneno mengi. Akamuuliza mume wangu, "Anatumia dawa gani?"

Mume wangu akaitaja. Kisha akaongeza haraka, "Lakini hiyo haigusi tumbo."

"Nani kasema?"

"Utafiti."

"Wa nani?"

 Nilikuwa nimelala na sindano mkononi, namtazama mume wangu. Ningeweza kumtania pale pale, na Mungu anajua maneno yalikuwa mdomoni. Lakini niliuona uso wake nikayameza.

"Wetu," alisema.

Yule daktari hakumcheka wala kumgombeza. Alisema tu, "Hii dawa isimame leo," akaendelea na kazi.

Mama alipona pole pole. Alipopata nguvu ya kusema, jambo la kwanza alinigeukia mimi. "Sasa nina damu ya Mnyamwezi. Nikiamka nitabeba mizigo mpaka pwani."

"Utabeba, mama, ila uanze na huyu mwanao."

Mwanawe alikuwa kwenye kona ya wodi, anapekua daftari la wagonjwa wa utafiti. Kwa siku kadhaa alikuwa hivyo, hata nyumbani. Kisha asubuhi moja aliwasha pikipiki akasema anakwenda kuwatafuta waliojitoa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikapanda nyuma. Nilijua akienda peke yake watamkaribisha chakula na kumshukuru, na aibu itamzuia kuuliza.

Tulianzia Gairo, kwa mkulima mmoja wa karanga. Tulimkuta anapembua karanga kwenye ungo, amekonda. Akafurahi kumwona daktari wake. Baada ya salamu mume wangu akamuuliza, "Mzee, mbona ulijitoa kwenye ile dawa?"

"Kujitoa?" Yule mzee akatua ungo. "Mimi nilitapika damu sokoni, daktari. Watu wakanibeba kama gunia. Nilimtuma binti yangu aje akueleze. Wahudumu wako wakamwambia pale mlangoni pa zahanati, sawa, baba yako amejitoa."

"Sikuletewa habari hiyo."

"Nikajua umekasirika, ndiyo maana sikuja tena."

Mume wangu, aliyezoea kuombwa radhi na wagonjwa waliochelewa, akamwomba radhi yule mzee kwa mikono yote miwili. Mzee akatupa karanga za njiani. Hata kwenye kosa tulirudi na zawadi.

Kihonda haikuwa hivyo. Tulimwulizia mama mmoja aliyekuwa akiishi na binti yake, mfanyakazi wa kiwandani. Binti akatukaribisha ndani, akatuwekea soda, kisha akasema mama alishazikwa. Alianza kwa tumbo, akatapika, hawakuwahi hospitali.

"Alikuwa anakusifu sana," alimwambia mume wangu. "Hata siku ile alisema, kesho nipelekeni kwa daktari wangu."

Mume wangu aliishika ile soda bila kuinywa. Mimi nilitamani tuage tuondoke. Yeye akaiweka chini, akamwambia yule binti wazi kwamba hawezi kujua kwa hakika, lakini huenda ni ile dawa, na dawa aliitoa yeye. Binti akaiokota ile soda akaiweka mezani. Hakulia, hakupiga kelele.

"Sisi tulijua ni vidonda vya tumbo tu," alisema. Halafu, "Kwa nini hamkuja kuuliza?"

Tukaaga. Tulirudi mjini, na hadi leo hilo ni swali ambalo mimi, pamoja na utani wangu wote, simtanii nalo.

Mwisho wa mwaka mtu wa kampuni akaja na kalenda za mwaka mpya. Mume wangu akamkalisha, akamweleza habari za Gairo, za Kihonda, za mama yake mwenyewe. Kijana alisikiliza vizuri, uso umemshuka. Nadhani alisikitika kweli.

"Pole sana, daktari. Lakini hao hawamo kwenye hesabu. Walishajitoa."

"Basi warudisheni."

"Hesabu imefungwa. Na mimi sihesabu, mimi naleta kalenda."

Hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kutupa. Mume wangu akamrudishia kalenda. Akaandika kwa kampuni, wakamjibu kwa kumshukuru kwa mchango wake. Akaandika kwa wakubwa wanaosimamia dawa, wakamjibu kwamba wamepokea. Mwaka uliofuata hakualikwa hoteli yoyote. Wenzake wawili watatu walimwambia faraghani kwamba hata wao wana wagonjwa kama hao, kisha wakaenda hotelini.

Cheti alikitoa sebuleni mwenyewe. Ukuta ulibaki na alama nyeupe, nikairudisha picha ya harusi, nayo haikuifunika vizuri.

Miaka ilipopita, ndani ya boksi la ile dawa ulitokea mstari wa maandishi madogo kama sisimizi, unaosema watu wenye matatizo ya tumbo wawe waangalifu. Mume wangu anaamini ni kwa sababu ya barua zake. Mimi humwambia labda ni mtu mwingine mahali pengine aliyeandika kwa mwandiko unaosomeka. Hatujui. Huenda walikuwa wengi, kila mmoja na mama yake.

Mama mkwe aligawa shamba la juu kwa mabinti zake, maana kwa Kiluguru ardhi hufuata upande wa mama, akabaki na bustani ndogo karibu na nyumba. Magoti yalimuuma hadi mwisho. Aliyakanda kwa maji moto, akatembelea fimbo, na kila mwanawe alipomletea kidonge chochote, hata cha mafua, alimwambia, "Anza kumeza wewe nione." Naye alimeza. Nimemwona daktari mzima akimeza dawa ya mafua bila mafua ili mama yake akubali.

Sasa mume wangu amestaafu, na amejitafutia kazi mpya isiyo na mshahara. Akipita Mwembesongo akaona mtu ananunua dawa ya maumivu bila kuulizwa lolote, anasimama. Anamuuliza umekula, tumbo likoje, ukiona choo cheusi utafanya nini. Anauliza kwa sauti ya daktari wa wodini, watu wote wa barabarani wanasikia habari za choo.

Juzi muuza duka mmoja alinitumia mtu. "Mama, njoo umchukue mzee wako, ananiharibia biashara."

Nikaenda. Nikamkuta kwenye benchi la duka, mama mmoja mwenye kikapu amekaa kando yake anamsikiliza, na foleni nyuma yao imenuna. Nilimshika mkono.

"Huyu kijana wa duka amekubali atakuwa anawauliza wateja," aliniambia tukiwa njiani, ameridhika.

"Amekubali? Alisemaje?"

"Alisema ataona."

"Ataona," nikasema.

"Ni mwanzo," akasema, akaomba tupitie sokoni kununua pilipili.