Viraka vya Bi Mwanatatu

Bi Mwanatatu wa Timbwani hapendi filamu za vita. Iko moja tu, iliyopigwa Shanzu mwaka juzi, ambayo huitazama mpaka mwisho.

Ilianza kwa kifurushi. Morgan, kijana msimamizi wa mavazi ya filamu hiyo, alimletea mashati kumi na mawili ya askari ayapunguze viuno. Alikuwa ameelekezwa kwa jina la Fundi Ahmad, marehemu mumewe, na jina hilo Bi Mwanatatu alilichunga kuliko alivyochunga afya yake. Alipoyakunjua, akayaona yamechanika vifua na mabega, na madoa mekundu tele. Akasikitika. Nguo haijapata kutoka nyumba ile na tundu. Siku tatu alitia viraka, akafua kwa sabuni ya mche, akapiga pasi hadi kola zikasimama.

Morgan alipoyaona alijishika kichwa.

"Mama, haya matundu tuliyachana wenyewe. Na hiyo damu tuliipaka siku mbili."

Bi Mwanatatu akakaa kitako. Jina la mume la miaka thelathini, naye amelivunja kwa bidii yake.

"Nilikwambia, mama," akasema Nasreen, bintiye. "Watu wa vitani hawavai nguo za pasi."

"Kwani hao hawana mama zao?"

Morgan alicheka, kisha akapitisha kidole juu ya kiraka kimoja. Akaomba mkasi. Mashati kumi na moja aliyachana upya palepale, Bi Mwanatatu akiwa ameelekea ukutani. La kumi na mbili akalikunja vizuri, akaondoka nayo yote.

Filamu ilipotoka, Nasreen aliiweka kwenye televisheni. Mizinga, moshi, watu wakianguka. Kisha kukatulia: askari mmoja, kabla ya kutoka handakini, akapapasa kiraka begani mwake kama anayemuaga mtu, akaenda. Haikuchukua hata sekunde tano. Bi Mwanatatu akaitambua mishono ile midogo aliyofundishwa na Ahmad mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Na majina yalipopanda mwishoni, wakasoma: Fundi Ahmad, Timbwani.

Akataka apigiwe Morgan simu amshukuru. Morgan alipopokea, maneno yote aliyoyapanga Bi Mwanatatu yakampotea.

"Mwanangu," alisema, "niletee shati lako lililochanika. Lililochanika kweli."