Njia Mbili za Kompyuta ya Kaunta

Dada anayeuza dukani kwa mjomba siku hizi anachaji simu yake kwa jirani, muuza mabegi. Waya wake wa zamani bado unaning'inia nyuma ya kompyuta ya kaunta, na hakuna anayeugusa. Mimi ndiye niliyemfukuza pale.

Mjomba anauza vifungo, zipu na lesi katika mtaa wa Mchafukoge. Kompyuta ya kaunta ni Windows. Ile ya nyumbani kwake Upanga, ambayo binti yake anaagizia mizigo, ni Mac. Yangu ni Linux. Intaneti ya kebo ikikatika naitwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye "injinia", niliyejifundisha kila kitu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nikaandika programu ndogo ya kuonyesha neno moja kubwa, KEBO au SIMU, ili wajue intaneti inapita wapi bila kuniuliza.

Kila kompyuta ina jedwali la njia, linaloielekeza data itokee mlango gani. Shida ni kwamba kila mfumo unalitunza kivyake. Kwenye Linux unalisoma kama faili la kawaida. Kwenye Mac unaliomba kutoka ndani kabisa ya mfumo, linakuja kama bonge ambalo hujui uanze kulikata wapi. Windows nayo ina taratibu zake. Nilitaka programu moja isome yote matatu na kutoa jibu la aina moja. Nilifuta na kuandika upya mpaka hata nafasi kati ya mistari ikanipendeza. Nilijiona nimemaliza.

Siku moja kebo ilikatika na dada akatuazima intaneti ya simu yake kwa waya. Nikampangia simu ili kila akiichomeka ilete intaneti yenyewe, asihangaike kubonyeza. Kebo ikarudi, mpangilio nikausahau. Dada akaendelea kuchomeka simu kila asubuhi apate chaji, na kila jioni akakuta bando limeisha. Mwanawe analelewa na bibi yake Tanga. Huwa wanaonana kwenye simu dada akiwa Magogoni anasubiri kivuko cha kwenda Kigamboni. Wiki ile mtoto alilala bila kumwona mama yake.

"Bosi, kompyuta inanila bando," alisema Jumamosi, duka limejaa.

"Kompyuta ina kebo, bando lako italila kwa njaa gani?"

Fundi cherehani mmoja, mteja wetu, akadakia. "Panya wa Kariakoo hao. Siku hizi wanakula mpaka data."

Watu wakacheka. Mjomba akanigeukia. "Injinia, hebu iulize mashine yako."

Nikaifungua. KEBO.

"Umeona?" mjomba akamwambia dada. "Mashine haina undugu na mtu. Punguza video, dada."

"Sijaangalia video yoyote, bosi."

"Basi shemeji yetu ndiye anayeangalia." Wakacheka zaidi.

Dada hakutazama kioo, alinitazama mimi. "Mdogo wangu, una uhakika?"

"Nimeipima," nikasema.

Niliipima, ndiyo. Kwenye kompyuta yangu.

Jumatatu akahamia kwa muuza mabegi. Siku chache baadaye nilikuwa nasoma maelezo ya Windows, si kwa kumwonea huruma, ila kwa sababu mstari mmoja wa programu ulikuwa haunipendezi. Kukiwa na njia mbili za kutokea, kompyuta huchagua yenye "gharama" ndogo, yaani namba ndogo, si pesa. Hilo nililijua na nililizingatia. Nisichokijua ni kwamba kwenye Windows namba iliyomo kwenye jedwali ni nusu tu ya gharama. Nusu ya pili iko kwenye mlango wenyewe, na lazima uzijumlishe. Pale kaunta njia zote mbili zilionyesha sifuri, kwa hiyo programu yangu ikachukua iliyoiona kwanza, ya kebo. Ukijumlisha, simu ndiyo nafuu, maana kebo inapita kwenye kadi kuukuu ya mwendo mdogo. Data ya duka zima ilikuwa ikipita kwenye simu ya dada.

Nilikwenda dukani, nikachomeka simu yangu kujaribu toleo jipya. SIMU. Nikachomoa haraka kabla mjomba hajageuka. Kwenye maelezo ya toleo niliandika "rekebisho dogo". Kisha nikamrushia dada bando, kimya kimya, nikaona nimelipa.

Akanipigia. "La nini hili?"

Nikamweleza yote. Alisubiri nimalize.

"Sasa hayo unaninong'oneza mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa najua. Waambie wao."

Jumamosi nilifika duka likiwa limejaa. Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, injinia."

"Kompyuta ilikuwa inamla dada bando kweli. Programu yangu ilikosea. Na mpangilio wa simu niliuweka mimi."

"Si ulisema umeipima?"

"Niliipima kwangu tu."

Fundi cherehani alikuwepo, zipu mkononi. "Kumbe panya ni wewe!"

Wakacheka, safari hii wakinicheka mimi. Mjomba hakucheka. Alikohoa, akapanga upya pakiti za vifungo ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Dada, nilikuonea," akasema.

"Sawa, bosi." Alikuwa anapima lesi, hakuinua macho. Aliikata, akaikunja, akampa mteja.

Watu walipopungua nilimfuata. Akanipa simu yake, nikauondoa ule mpangilio, nikamwambia programu nimeirekebisha, anaweza kurudi kuchaji kaunta.

"Una uhakika?"

Nikaanza kumweleza nilipopima na nisipopima, simu za aina gani nimejaribu na zipi bado. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila hasira. Kisha akachukua chaja yake, akaenda kwa muuza mabegi.