Sentimita Thelathini na Tano, Kutoka Wapi?

Jumamosi, tarehe tisa. Manyunyu tangu alfajiri, mchana jua.

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka, ingawa mimi niliishia darasa la saba na huenda napindisha kidogo. Nilikuwa msichana katika karakana ya Mzee Sadoki, mchomeleaji wa hapa Kibondo. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kuchora vyuma kwenye kompyuta, na nilijivuna. Nakiri, maana mficha uchi hazai.

Tulikuwa tunamtengenezea Mama Evelina wa Mabamba, asiyeweza kutembea, baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Kwenye mchoro kiti kilikuwa sentimita hamsini juu ya ardhi. Kibao cha kuwekea miguu nilikifunga kwenye kiti, thelathini na tano chini yake. Mama akaomba kiti kishuke kumi na mbili, apate kujisogeza kutoka barazani kwake. Nikakishusha.

"Na kibao?" Mzee akauliza, msumeno mkononi.

"Hakijasogea, Mzee. Kompyuta inasema thelathini na tano, kama jana."

"Kutoka wapi?"

Nikageukia kioo cha kompyuta kutafuta.

"Yewe, fundi wa kioo. Mawe ya Mabamba hayako kwenye kiti. Pima kutoka chini."

Nikapima. Kwenye mchoro zilibaki sentimita tatu tu kati ya kibao na ardhi. Jiwe la kwanza mteremkoni lingemwangusha kifudifudi.

"Kumbe mlitaka nilime barabara," akasema Mama Evelina, aliyekuwa ameketi akitusikiliza, akacheka mpaka nami nikacheka.

Haki isemwe, kompyuta haikudanganya. Kibao nilikifunga mwenyewe kwenye kiti, basi ikakihesabu kutoka hapo. Kiti kikashuka nacho, namba ikabaki ileile. Nami sikusoma vibaya, nilisahau tu kuuliza inahesabu kutoka wapi. Ashukuriwe Mungu, chuma kilikuwa hakijakatwa. Nilikaa juu ya tairi kuukuu, nikapumua kama aliyetua mzigo wa kuni. Mzee akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, tukakiinua kibao na kukisogeza mbele, Mama anyooshe miguu. Baiskeli ile anayo mpaka leo, anauzia ndizi.

Basi mwanangu, wewe unayekwenda kusomea michoro Kasulu, kitu ukikifunga kwenye kingine, namba yake inakueleza kilipo kutoka kwa mwenzake tu. Kabla hujaruhusu msumeno, kipime pia kutoka ardhini, anapopita mtu. Na ukiulizwa usilolijua, usibuni jibu, pima kwanza. Mungu akupe macho mapole na mkubwa wa kukuuliza mapema.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese. Hakikubaki kitu.