Nyoka Wawili Mabegani mwa Shemasi

Nilikuwa nikigeuza kola ya shati la mteja wakati kinyozi wa ghorofa ya chini alipopanda ngazi na vipande viwili vya mpira wa kumwagilia bustani, akaniuliza kama ninaweza kuvishonea ngozi viwe nyoka.

"Nyoka wa nini?"

"Wa filamu, Mama."

Kinyozi huyo alikuwa Mkurdi. Yeye chini na viti vyake viwili, mimi juu na cherehani yangu, katika jengo moja kuukuu la Marshalltown, Johannesburg, tulikuwa tumepeana chai kwa miaka minne na kuongea Kiingereza cha kuungaunga. Sikujua hata siku moja kwamba mteja asipokuwepo yeye huandika. Siku ile alivuta kigoda akaketi, akanisimulia.

Kwao, alisema, kila mtoto hukua na hadithi ya mfalme wa kale ambaye mabegani mwake walichipuka nyoka wawili. Nyoka wale hawakula kitu ila ubongo wa vijana, vijana wawili kila siku. Mpishi wa mfalme akaingiwa na huruma. Kila siku akamficha mmoja na kumtorosha milimani, na badala yake akapakua ubongo wa kondoo. Ndipo mhunzi mmoja, aliyechoka kuzika wanawe, alipovua aproni yake ya ngozi, akaifunga kwenye fimbo ndefu kama bendera, na watu wote wakamfuata mpaka ikulu.

"Lakini mfalme wangu ni bosi wa genge hapa hapa Joburg," akasema. "Mhunzi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Na wote watasema Kikurdi."

"Waigizaji unao?"

Akajikuna kidevu. Wakurdi aliowajua mjini hawakutosha kujaza teksi, na kila mmoja alitaka kuwa shujaa. Binamu yake mwenye gereji alikuwa amekwisha kuchukua nafasi ya mhunzi. Nafasi ya mfalme hakuna aliyeitaka.

Hapo mlango ukajaa. Mume wangu alikuwa ametoka zamu yake ya ulinzi, bado na sare, amekuja kunichukua. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, shemasi wa kanisa letu la Wakongo, na tangu tulipooana Lubumbashi nilikuwa nimemzoea hivyo: mtu wa maneno machache na uso wa ibada. Kinyozi alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Ni huyu," akasema.

"Huyu ni shemasi!" nikamwambia.

Nilimweleza mume wangu kwa Kiswahili jambo lenyewe, nikijua atakataa. Yeye akatua mfuko wake sakafuni, akafikiri.

"Huyo mfalme, mwishoni anatubu ama anakufa?"

"Anakufa."

"Basi sawa. Watu watajifunza."

Mimi nikapewa upishi wa mfalme, kwa sababu kinyozi alikuwa amewahi kuonja kichwa changu cha kondoo.

Wiki zilizofuata nyumba yetu iligeuka shule. Kinyozi alimtumia mume wangu sauti kwenye simu, naye akayaandika yale maneno ya Kikurdi kwa herufi za Kiswahili, kwenye daftari lake la mahubiri. Aliyakariri akipiga pasi sare. Aliyakariri bafuni. Binti yetu, aliyezaliwa hapa, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza na Kizulu, alianza kumsahihisha baba yake kutoka chumba cha pili. "Eish, Papa, si hivyo, hiyo herufi inatoka kooni!" Mtoto tuliyeshindwa kumfundisha Kiswahili kwa miaka kumi na sita alijua Kikurdi cha majambazi kwa wiki mbili.

Nyoka niliwashona kwa mahameli ya kijani iliyobaki kwenye gauni la msimamizi wa arusi. Ndani ya mpira nilipitisha waya, macho nikaweka vifungo vyekundu. Niliwafunga kwa mikanda chini ya koti refu, na mume wangu alipotikisa bega, nyoka walitikisa vichwa. Nilijivunia kazi ile kuliko arusi nzima.

Tulianza kupiga picha Jumamosi mchana katika gereji ya binamu. Kamera alishika kinyozi mwenyewe. Mimi nilipaswa kuleta sahani, mfalme afunue kifuniko, anuse, kisha angurume kwamba nyama ya leo ina harufu ya zizi. Akanguruma. Njiwa waliruka juu ya paa la mabati. Mimi mwenyewe nilirudi nyuma hatua mbili, na kinyozi akasahau kubonyeza kamera.

Mara ya pili mkanda ukafyatuka, nyoka wa kulia akamzaba mfalme kofi la shavu. Mume wangu alimtazama yule nyoka, akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi, machozi yanamtoka, amejishika mbavu. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Nilisimama na sahani yangu ya ubongo mkononi, nikajikuta nampenda upya, mtu mzima mimi, kama msichana aliyetumwa dukani akakutana na mvulana.

Kisha picha ya shemasi na nyoka wake ikafika kwenye kundi la simu la kanisa. Jumapili, baada ya ibada, Pasta alituita mbele ya wazee.

"Papa Shemasi, hii ni nini?"

Mume wangu alisimama taratibu.

"Pasta, katika mchezo wetu wa Krismasi, Herode alikuwa nani?"

Pasta alikohoa. Herode alikuwa yeye.

"Herode hakuwa na nyoka," akasema.

"Ni kwa sababu mke wako hashoni."

Wazee walianza kucheka kabla ya Pasta, lakini naye akafuata, akauliza itaonyeshwa siku gani.

Ilionyeshwa alasiri ya mwaka mpya wa Wakurdi, katika ukumbi mdogo Newtown. Wao, pamoja na jamaa waliotoka miji mingine, walikaa kushoto, sisi kulia. Filamu ilikuwa na makosa yake: bosi anatishia watu huku teksi inapiga honi nyuma yake, na mahali pamoja nyoka mmoja ameangalia juu kama anayeomba mvua. Hakuna aliyejali. Nilipomficha kijana wa kwanza, akina mama wa kanisa walipiga kelele, "Na yule mwingine! Mwokoe na yule!" Aproni ilipopanda juu ya fimbo, upande wa kushoto wote ulisimama.

Taa zilipowashwa, bibi mmoja wa Kikurdi alimjia mume wangu, akamfinya mkono, akasema maneno mengi. Kinyozi alitafsiri huku akifuta macho.

"Anauliza ulizaliwa bonde gani. Anasema unaongea kama watu wa kwao."

Mume wangu alitaka kumjibu kwa heshima, lakini Kikurdi alichokuwa nacho kilikuwa kile kile cha bosi. Akainama mbele ya bibi, akasema kwa upole, "Kesho niletee wawili, la sivyo nitachoma duka."

Bibi alicheka akamshika kidole kidogo, akamvuta katikati ya ukumbi ambako mstari wa ngoma yao, ya kushikana vidole vidogo, ulikuwa umeanza. Pasta aliingia baada yake, mguu wa kushoto kila mara ukimtangulia. Mimi nilikuwa kati ya kinyozi na binti yangu, na tulizunguka hivyo, bega kwa bega, mpaka mwenye ukumbi alipokuja kudai funguo zake akapewa kidole kidogo cha kushika badala yake.