Visahani Kumi vya Jokofuni

Mpimaji wa kiwanda cha maziwa walimwita Mama Sahani. Miaka kumi na tisa alikuwa akipanda matone ya maziwa kwenye visahani na kuvilaza katika kabati la joto, nyuzi thelathini na saba. Vikitoka vitupu, aliandika "safi" na kutia sahihi. Alijivunia sahihi hiyo kupita kiasi.

Kisha maziwa yakaanza kuharibika siku ya tano, tena yakiwa kwenye baridi. Meneja hakumung'unya maneno.

"Maabara imesema safi. Basi mtunza ghala anazima majokofu, kama yule mzee wa ghala tuliyemfukuza miaka minne iliyopita."

Mtunza ghala alikuwa wifi yake Mama Sahani. Akapewa wiki mbili za kujitetea.

"Wifi, sijazima jokofu hata dakika moja," alimwambia maabarani, macho yamemwiva. "Unaniamini?"

"Nakuamini. Lakini meneja hali imani, anakula karatasi."

Kesho yake asubuhi Mama Sahani alifungua jokofu la nyumbani. Mafuta ya mgando yalikuwa magumu kama sabuni. Ya alizeti, kando yake, yalimiminika vizuri tu. Akaduwaa hapo mpaka mumewe akamuuliza kama ameajiriwa kupoza nyumba.

Alikuwa amekumbuka somo la chuoni. Utando wa bakteria umeundwa kwa mafuta. Wapenda joto wana mafuta magumu, na baridi ikiingia utando unakakamaa, hawali wala hawakui. Wapenda baridi wana mafuta laini yasiyoganda, na protini zinazofanya kazi kwenye ubaridi lakini zinaharibika kwenye joto. Kabati lake lilikuwa likiwazima wale wale aliopaswa kuwakamata.

Akapanda visahani kumi, akaviweka jokofuni. Siku ya kumi, vinane vilijaa madoa ya bakteria. Akapima mashine moja moja, akakuta chanzo ni mpira wa bomba la kujazia chupa.

"Wifi, umenitoa shimoni!" mtunza ghala alimkumbatia, huku akilia na kucheka.

Mama Sahani hakucheka. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa na miaka minne: yule mzee aliyefukuzwa, karatasi yake pia ilisema "safi".

Jumamosi alifunga kisahani kimoja vizuri, akaenda nacho kwa mzee. Alimkuta akipaka mlango rangi. Akamweleza yote, bila kujipunguzia. Mzee aliweka brashi chini, akayatazama madoa kwa muda.

"Kumbe hawa ndio walionifukuzisha kazi?"

"Hapana, mzee wangu," alisema Mama Sahani. "Ni mimi."