Miparachichi ya Kurudi Nayo Nyumbani

Tulipokimbia vita kutoka Gihosha, kwetu milimani, mama alibeba kikapu cha maparachichi, nikadhani amechanganyikiwa. Watu walibeba magodoro, redio, vyerehani, yeye matunda. Tulikuwa wawili tu. Baba alikuwa ameshafariki kabla ya vita, kwa ugonjwa, kitandani kwake, kifo ambacho siku hizo tulikiona kama bahati. Maparachichi yalitoka kwenye mti ambao baba aliupanda nyuma ya jiko. Tuliyala yote tulipofika Jabe, mtaa wa chini mjini, mengine na wali, mengine matupu. Kokwa mama aliziosha akazipanga dirishani kama sabuni.

Aliyetupokea Jabe alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa, Mwislamu wa ukoo uliotoka Omani zamani, ila yeye alizaliwa mjini hapohapo na aliongea Kiswahili cha hapohapo. Alishahiji Makka, kwa hiyo kila mtu alimwita Hadja. Alitupa chumba kimoja cha uani na hakuuliza tutakaa mpaka lini. Aliyeuliza ni mama, tena kwa sauti, kila asubuhi. Jirani alikuwa ameshatuletea habari kwamba mti wa baba umekatwa kuni, na tangu hapo mama alikuwa na neno moja: tukirudi, kitu cha kwanza ni kupanda miparachichi. Mimi nilikuwa na kazi ya ukarani, bomba lilikuwa mlangoni na soko nyuma ya nyumba, sikuwa na haraka ya kurudi popote. Lakini ukiishi chumba kimoja na mtu aliyeshika nia, nia yake inakupa kazi.

Kazi yangu ilikuwa vyungu vya kuoteshea zile kokwa za dirishani. Vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche vilikuwa vimepotea, kwa kuwa nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Na kopo tupu nani angekupa, wakati makopo ndiyo yaliyopimia mchele sokoni? Mama akanituma kwa wauza ndizi kuomba maganda makavu ya mgomba waliyofungia mizigo yao. Tuliyaloweka mpaka yakalainika, tukayakata mapande marefu, tukayapitanisha msalaba, tukayakunja kuzunguka chupa na kuyafunga kwa kamba ya ganda hilohilo. Ukichomoa chupa, chungu kinasimama chenyewe. Chupa ya kwanza mama aliazima ya bia. Hadja alipoiona alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"We dada, pombe mu nyumba yangu?"

"Iko tupu, Hadja. Ni ya kukunjia."

"Tupu ndiyo mubaya zaidi. Majirani watasema nimeshamaliza kunywa."

Akaingia ndani akatoka na chupa ya sharubati, nene zaidi, na kusema kweli ilifaa kuliko ile ya bia. Udongo tuliuchanganya na samadi ya mbuzi wake.

Uzuri wa chungu cha namna hii ni kwamba huutoi mche. Unaufukia na chungu chake, kinaoza, mizizi inapita bila kuguswa. Ubaya ni kwamba kinaoza hata kama hujafika unakokwenda. Kila vyungu vilipoanza kulegea, mama alisikiliza redio, akawauliza watu waliotoka juu, akarudi akisema njia bado. Nami nikashika tena kisu. Nilikunja vyungu vipana zaidi, tukaitumbukiza miche humo pamoja na vyungu vyake vya zamani. Baadaye vipana zaidi ya hivyo. Nilinuka mgomba hadi ofisini. Nilimkasirikia mama, sitaficha, na siku moja nikamwambia si tuipande hapahapa, uwanja si huu? Alinitazama kana kwamba nimetukana mtu.

Kwa watu wa milimani jambo hili halina mchezo. Mgeni uliyempa kipande cha shamba anaweza kupanda maharage, viazi, chochote kinachovunwa kikaisha. Mti hapana. Kesi ya ardhi ikifika, mwenye mti ndiye anayehesabiwa mwenye udongo, kwa hiyo mgeni anayepanda mti ni kama anamwambia mwenyeji wake asogee. Na miaka ile watu walikuwa wakirudi kwao na kukuta wengine wamelala vitandani mwao. Mama angekubali kulala barabarani kuliko Hadja amdhanie hivyo.

Basi mvua kubwa zikanyesha. Asubuhi moja niliinama kuhamisha mche uliokuwa karibu na bomba, ukakataa. Nikavuta. Chungu kikabaki mikononi mwangu vipande vipande, mti ukabaki wima. Chini kulikuwa kumeoza kabisa, na mzizi mnene kama kidole ulikuwa umezama kwenye uwanja wa Hadja. Mimi nilicheka. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda dukani kuungama, nami nyuma yake.

"Hadja, nimekukosea. Avoka moja imeshika mu udongo yako. Sikuipanda, Mungu anaona. Imejishika."

Hadja alimwacha mteja na kitambaa chake mezani, akaja uani, akautikisa mti.

"Sasa unalia nini? Iache. Mi mwenyewe naimwagiaga maji ya udhu kila asubuhi. Ulifikiri inanenepa na nini?"

"Apana, Hadja. Muti ya mugeni haikae mu kiwanja ya mutu. Nipe panga niikate."

"Nani mugeni? Tunapika pamoja, unanisuka kichwa, tunagombana. Kaa, dada. Muti ikae, na we ukae. Kule juu kumebaki nini?"

Nilitaka mama aseme ndiyo. Nilitaka mpaka nikamshika mkono. Hadja hakuwa anasema kwa adabu tu. Chumba kile kingekuwa chetu maisha yote. Machozi yalimtoka mama, na bado akatikisa kichwa.

"Basi hii muti ni yako. Nasema mbele ya mutoto yangu, asikuje siku moja kuidai. Zingine ni za kwetu. Mi nitakwenda nazo."

Siku ileile aliomba matofali na mbao, tukaipandisha juu yake miche iliyobaki, ili mizizi ikitoka ikute hewa. Nikakunja vyungu vipya, safari hii tabaka mbili, bila kuambiwa. Nilikuwa nimeelewa kwamba atakwenda, nitake nisitake, na sikuwa tayari aende peke yake na vyungu vilivyotoboka.

Njia ya Gihosha ilifunguka polepole, kwanza kwa watu wa mchana, waliopanda kulima na kushuka kabla ya saa ya amri ya kutotembea. Nasi tukapanda hivyohivyo, vikapu vya miche kichwani. Hadja alitufungia sambusa, akasema tuwahi chakula cha jioni. Tulikuta kuta. Milango na fremu za madirisha vilikuwa vimekwenda, mabati yamebaki upande mmoja tu, majani yamenifika kifuani. Nikatafuta mahali pa kukaa nilie. Mama akanipa jembe.

"Chimba."

Nikachimba nyuma ya jiko. Mama aliushusha mche na maganda yake yote, akajaza udongo, akakanyaga kuuzunguka kwa miguu peku. Halafu wa pili, halafu wa tatu. Jua likaanza kushuka. Watu wa mchana walikuwa wakipita kurudi mjini, na mwanamke mmoja wa Jabe akatuita tuharakishe. Mama alimwomba apite kwa Hadja amwambie asitungoje kula. Kisha akapangusa mikono kwenye kitenge, akatazama upande wenye mabati, akaniuliza tulale chumba kipi.