Jani la Isale Halirithiwi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Moshono, mwanangu, nilipomvunja mdogo wangu mkono. Naanzia hapo hapo nisije nikazunguka, maana jana ulirudi kutoka chuo ukaniambia kwamba wivu wa mtu, hasira yake, hata mapenzi yake, vyote vimo kwenye vinasaba tangu enzi za mababu wa mababu. Sikukubishia. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na kweli pua hii unayoiona ni ya babu yako, haikupunguzwa kitu.

Basi. Ilikuwa zamu yangu ya maji ya mfereji, yale yanayoshuka kutoka Meru, nikakuta bado yanaingia kwenye migomba ya mdogo wangu huyo, Elibariki. Sikuuliza. Nilimpiga kwa mpini wa jembe. Kumbe alimaliza zamu yake akasahau kuziba, usahaulifu tu wa kijana anayewaza uchumba. Hasira hasara. Alitoka hospitali mkono wa kulia umefungwa hogo, ile plasta ngumu, akahamia kwa mjomba wetu kule Sakina, ng'ambo ya mji, akasema harudi kwenye boma nililomo mimi.

Bibi, mama yake baba yetu, akaniita jikoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anamenya ndizi, akaniuliza kilichonipata. Jibu nilikuwa nalo, tena lilinifariji sana. Marehemu baba alijulikana kijiji kizima kwa fimbo yake, na shuleni tulifundishwa kwamba mtoto hurithi.

"Bibi, siyo mimi," nikasema. "Ni damu ya baba. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Hakuinua macho. "Baba yako nilimzaa mimi. Kwa hiyo nyoka ni mimi?"

Akaendelea taratibu, kisu hakisimami.

"Na baba yako mkubwa, yule asiyeweza hata kuchinja kuku, alitoka tumbo hili hili. Hasira umerithi, sikatai. Hata mimi ninayo, iko siku nilimrushia babu yako sufuria. Mpini je, ulirithi kwa nani?"

Akatoka mpaka kwenye mpaka wa shamba, akachuma jani la isale, akalifunga fundo. Unajua, kwetu ukimpelekea mtu isale umeomba msamaha.

"Baba yako amekufa hajawahi kumpelekea mtu jani hili," akasema. "Ukilipeleka wewe, tutasema ni damu ya nani?"

Nilivuka mji mzima kwa miguu. Usidhani nilikwenda kama malaika. Pale Kijenge niligeuka nirudi, damu inachemka, najiambia mkubwa hamwangukii mdogo. Nikasimama kando ya barabara nimeshika jani langu kama mwendawazimu, watu wananipita. Kisha nikaendelea. Mpaka leo sijui ni kitu gani kilichonigeuza tena, ila najua hakuna aliyenisukuma.

Elibariki alifungua mlango, akalitazama jani. "Kwako wewe, sikutegemea," akasema. Halafu akalipokea kwa mkono wa kushoto. Kwetu kupokea kwa kushoto ni kukosa adabu, lakini wa kulia nilishauvunja mimi. Na mpaka leo haunyooki vizuri, utauona Jumapili akikupa mkono kanisani. Msamaha niliupata, mkono haukurudi.

Kwa hiyo soma vinasaba vyako, mwanangu, usome mpaka mwisho, na mimi nitajisifu kwa majirani. Vitakueleza hasira yako ilitoka wapi. Ila usivitume vikakujibie ulichomfanyia mwenzio. Hapo uende mwenyewe, mapema, kabla majuto hayajawa mjukuu. Aliyekuzaa alikupa damu. Pa kuipeleka hakukuandikia.

Mungu akujalie moyo mtulivu. Na kama huo hukurithi kwetu, akujalie miguu ya kuvuka mji.